Viungo vya Kusaga Nyumbani na Hesabu ya Pakiti ya Chumvi: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa wa Shinikizo la Damu

Lengo la somo

Msomaji akimaliza somo hili anatarajiwa aweze kufanya mambo matatu. La kwanza ni kukadiria chumvi inayoliwa na kaya kwa kutumia pakiti iliyopo jikoni. La pili ni kutengeneza mchanganyiko wa viungo usio na chumvi, kwa vitu vinavyopatikana sokoni. La tatu ni kutambua nani anapaswa kuchukua tahadhari, na ya namna gani. Mifano imetolewa katika mazingira ya Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, lakini hesabu zake zinafaa popote penye chungu kimoja na walaji wengi.

Mgonjwa asiyeshuka presha

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia. Mama wa miaka hamsini na mitano, mkulima wa pamba na mtama, anahudhuria kliniki kwa mwezi wa sita. Anameza dawa zake bila kukosa. Hata hivyo kipimo chake kinasoma 164 kwa 98, ilhali lengo la matibabu ni kushuka chini ya 140 kwa 90.

"Mwangaluka, mayu," muuguzi anamsalimu. "Chumvi tulikubaliana upunguze. Umepunguza?"

"Nimepunguza sana, mwanangu. Siku hizi mezani siongezi kabisa."

Muuguzi anaandika "ameshauriwa kupunguza chumvi" kama alivyoandika mwezi uliopita, na mama anarudi nyumbani. Wote wawili wamesema kweli, na hakuna kilichobadilika. Kosa limo katika swali lenyewe. Chumvi ya mezani ni sehemu ndogo tu ya chumvi inayoliwa katika kaya nyingi za Kishapu. Iliyo nyingi huingia chunguni kwa mkono wa mpishi, na nyingine huingia ikiwa imejificha ndani ya vidonge vya mchuzi, viungo vya pakiti, dagaa waliotiwa chumvi na samaki wa kayabo kutoka Ziwa Viktoria. Mtu huweza kuacha kabisa kuongeza chumvi mezani na bado akala maradufu ya kiasi kinachofaa.

Kwa nini chumvi hupandisha shinikizo

Chumvi ya kupikia ni muungano wa sodiamu na kloridi. Gramu moja ya sodiamu hupatikana katika gramu 2.5 za chumvi. Sodiamu inapozidi mwilini, mwili huzuia maji ili kuizimua. Ujazo wa damu huongezeka, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi katika mishipa ile ile. Kadiri miaka inavyopita, kuta za mishipa hukakamaa, figo huchakaa, na hatari ya kiharusi na ya moyo kushindwa kufanya kazi huongezeka.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku kutoka vyakula vyote, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Wastani wa dunia unakadiriwa kuwa zaidi ya gramu 10, ambao ni maradufu ya kiwango hicho. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kuwa takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Je, kupunguza kunasaidia kiasi gani? Uchambuzi wa pamoja wa majaribio mengi, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa wagonjwa wa shinikizo la damu waliopunguza takribani gramu 4.4 za chumvi kwa siku walishuka kwa zaidi ya milimita 5 za zebaki katika kipimo cha juu. Kiasi hicho hakitoshi kumwachisha mtu dawa, lakini kinatosha kuisaidia dawa kufanya kazi yake.

Hesabu ya pakiti

Badala ya kuuliza "unakula chumvi nyingi?", mhudumu aulize maswali mawili: "Pakiti ya nusu kilo inakaa siku ngapi nyumbani?" na "Wanaokula chungu kimoja ni wangapi?" Hakuna mpishi asiyejua majibu yake, kwa kuwa yeye ndiye anayetuma mtoto dukani chumvi inapokwisha.

Mtoto mdogo ahesabiwe kuwa nusu ya mtu mzima. Kaya ya watu wazima wanne na watoto wanne, basi, ni sawa na walaji sita. Pakiti ina gramu 500. Igawanywe kwa idadi ya siku, kisha kwa idadi ya walaji.

Mama wa mfano wetu anasema pakiti yake hukaa siku tisa. Gramu 500 kwa siku 9 ni karibu gramu 56 kwa siku, na kwa walaji sita ni zaidi kidogo ya gramu 9 kwa kila mmoja. Aidha, anatumia vidonge vitatu vya mchuzi kila siku. Kidonge cha gramu 4 mara nyingi huwa na chumvi nusu ya uzito wake au zaidi. Vidonge vitatu huleta walau gramu 6, yaani gramu 1 kwa kila mlaji. Jumla ni zaidi ya gramu 10 kabla ya kuhesabu dagaa, na mezani hakuongeza hata chembe.

Ili kaya hii ifikie gramu 4 kwa mlaji, na kubakiza gramu 1 kwa ajili ya mkate, dagaa na vyakula vinavyonunuliwa nje, pakiti inapaswa kukaa siku 21. Hapo kaya nzima itatumia takribani gramu 24 kwa siku, ambazo ni vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, kwa mapishi yote ya siku.

Hesabu hii ni makadirio. Chumvi iliyotumika kukaushia samaki, kulishia mifugo au iliyomwagwa pamoja na maji ya kuchemshia itolewe. Hata ikikosea kidogo, inampa mgonjwa kitu cha kushika mkononi, kwani kuambiwa "punguza" peke yake hakumwonyeshi pa kuanzia.

Kwa nini viungo

Mpishi akipunguza chumvi bila kuweka kitu mahali pake, chakula hupoa ladha, watoto hulalamika, baba huomba kikopo cha chumvi, na baada ya juma moja kaya hurudi ilikotoka. Mgonjwa huishia kupikiwa sufuria yake ya peke yake, jambo linalomtenga na kuchosha wapishi. Viungo huziba pengo hilo: ukali, harufu, uchachu na utamu wa kitunguu huupa ulimi kazi nyingine wakati unajifunza kuridhika na chumvi kidogo.

Viungo vya pakiti vinavyouzwa dukani huonekana kuwa jibu, lakini vingi vyake ni chumvi iliyopakwa rangi na harufu. Jambo hili si la Tanzania pekee. Nchini Marekani, kwa mfano, huuzwa pakiti za viungo vya tako, chakula chenye asili ya Mexico ambacho ni mkate mwembamba wa mahindi uliokunjwa juu ya nyama. Msingi wake ni pilipili nyekundu, bizari nyembamba, kitunguu maji na kitunguu saumu, na katika pakiti nyingi chumvi ni miongoni mwa vitu vya mwanzo. Wapishi wengi wa huko wameanza kusaga mchanganyiko huo nyumbani ili chumvi waitie wenyewe kwa kipimo. Karibu kila kilichomo kinapatikana pia katika maduka na minada ya Kishapu. Pilipili yenyewe ilitoka Amerika na kufika pwani ya Afrika Mashariki kupitia biashara ya Wareno, na leo ni mmea wa kila bustani.

Palipo na maelezo kwenye pakiti, msomaji atazame mambo mawili. Vitu huorodheshwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, kwa hiyo chumvi ikitajwa kwanza, hicho ndicho kilichonunuliwa. Pakiti ikitaja sodiamu badala ya chumvi, kiasi hicho kizidishwe kwa 2.5.

Mchanganyiko usio na chumvi

Vipimo vifuatavyo ni vya kijiko cha chai kilichosawazishwa, baada ya kusaga:

– pilipili hoho nyekundu iliyokaushwa: vijiko 4
– bizari nyembamba: vijiko 3
– giligilani: vijiko 2
– kitunguu maji kilichokaushwa: vijiko 2
– kitunguu saumu kilichokaushwa: vijiko 2
– tangawizi kavu: kijiko 1
– pilipili manga: kijiko 1
– pilipili kali: nusu kijiko, au isiwekwe kabisa

Kukausha. Majira ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, hewa ya Kishapu ni kavu na jua ni la kutosha. Hoho, vitunguu na tangawizi vioshwe kwa maji safi na kukatwa vipande vyembamba. Vitandazwe juu ya kichanja kilichoinuliwa, vifunikwe kwa kitambaa chepesi au chandarua safi kisichotiwa dawa, na viingizwe ndani jioni kabla ya umande. Visianikwe juu ya ardhi tupu wala kando ya barabara, ambako vumbi na kinyesi cha wanyama huvifikia. Kipande kilichokauka huvunjika kwa mlio. Kinachopinda bado kina maji na kitaota ukungu.

Kukaanga. Bizari nyembamba, giligilani na pilipili manga vikaangwe vikiwa vizima katika kikaango kikavu, kwa moto mdogo, kwa dakika mbili au tatu hadi harufu itoke. Vikibadilika kuwa vyeusi vimeungua, na uchungu wake hautaondoka.

Kusaga. Viachwe vipoe, vitwangwe kwa kinu na mchi, kisha vichekechwe. Vinavyobaki virudishwe kinuni. Mwenye mashine ndogo ya kusagia viungo aitumie.

Kuhifadhi. Mchanganyiko uwekwe katika chupa kavu yenye kifuniko, mbali na jiko na mwanga, na tarehe iandikwe juu yake. Kijiko chenye maji kisiingizwe. Itengenezwe chupa ndogo ya kutosha miezi miwili au mitatu, kwani viungo vilivyokaa sana hupoteza harufu, na mpishi hurudia chumvi ili kufidia.

Kutumia. Kijiko kimoja hadi viwili vya chai hutosha sufuria ya walaji sita. Kitiwe kwenye mafuta pamoja na kitunguu, kabla ya nyanya, ili viungo viive. Kuvipika ni muhimu kwa usalama pia, kwa kuwa baadhi ya vijidudu huweza kuishi katika viungo vikavu. Kwa maharage, choroko, nyama na dagaa, mchanganyiko huu unafaa ulivyo. Kwa mlenda na mboga za majani zilizokaushwa, pilipili ipunguzwe na sufuria iongezewe karanga zilizosagwa zisizo na chumvi. Mwishoni, maji ya limau au ya ukwaju yakamuliwe juu, kwani uchachu huufanya ulimi uhisi kana kwamba chumvi imeongezeka.

Chumvi hutiwa peke yake, kwa kijiko, mwisho wa mapishi. Isichanganywe ndani ya chupa ya viungo. Zikikaa pamoja, mpishi anayetaka harufu zaidi analazimika kuongeza na chumvi, na hesabu nzima ya pakiti huvurugika.

Kushuka kwa ngazi

Ulimi huzoea chumvi kidogo baada ya majuma kadhaa, kwa hiyo kaya isikurupuke. Mama aliyezoea pakiti ya siku 9 aanze kwa kulenga siku 12, pakiti inayofuata siku 15, kisha 18, kisha 21. Ngazi hizo nne huchukua zaidi ya miezi miwili, na wengi wa walaji hawatatambua kuwa wanashuka. Vidonge vya mchuzi vipunguzwe kimoja kimoja, na kila kimoja kinachoondoka nafasi yake ichukuliwe na nusu kijiko cha mchanganyiko. Tarehe ya kufungua pakiti iandikwe juu yake kwa kalamu, na mgonjwa aje kliniki na karatasi ya pakiti iliyokwisha. Muuguzi atakayesoma tarehe hiyo kando ya kipimo cha presha atakuwa na la kuzungumza na mgonjwa wake.

Tahadhari

Viungo si dawa. Kitunguu saumu na tangawizi havichukui nafasi ya vidonge vya hospitali. Mgonjwa ambaye kipimo chake kimeshuka aendelee na dawa hadi daktari atakapoamua vinginevyo. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda upande, kushindwa kusema au maumivu makali ya kifua ni dharura ya kukimbiziwa hospitali saa ile ile.

Chumvi iliyobaki iwe yenye madini joto. Kupunguza kiasi kusiwe sababu ya kununua chumvi ya mawe isiyotiwa madini hayo. Upungufu wake huleta rovu, na kwa mjamzito huweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Pakiti ikae imefunikwa, mbali na joto na unyevu.

Chumvi yenye potasiamu. Ipo chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu. Utafiti mkubwa uliofanyika katika vijiji 600 vya China na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa watumiaji wake walipata kiharusi kwa uchache kuliko wa chumvi ya kawaida. Hata hivyo, mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa kama enalaprili, losatani au spironolaktoni, asiitumie bila kumwuliza daktari, kwa kuwa potasiamu ikizidi katika damu huweza kusimamisha moyo. Mchanganyiko wa viungo ulioelezwa hapa hauna chumvi ya aina hiyo.

Vidonda vya tumbo. Anayeumia akila pilipili aondoe pilipili kali, na ikibidi pilipili manga pia. Bizari, giligilani na vitunguu vinatosha kuupa mchuzi ladha. Mtoto chini ya mwaka mmoja hahitaji kutiliwa chumvi katika chakula chake.

Ukungu. Viungo vilivyokaushwa vibaya, sawa na mahindi na karanga, huweza kuota kuvu wanaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi. Chochote kilichoota ukungu au kunuka uvundo kitupwe, kwani kukikaanga hakuondoi sumu.

Rangi za kughushi. Katika baadhi ya nchi za Asia imebainika kuwa manjano ya unga iliwahi kutiwa rangi yenye risasi ili ing'ae. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa unga ni rahisi kuchanganywa na vitu vingine, ni salama zaidi kununua viungo vikiwa vizima na kusaga nyumbani.

Vyombo vya machimboni. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na wako wanaoichoma nyumbani. Kinu kilichotwangia mawe, kikaango kilichochomewa dhahabu, chekecheo au kopo lililobeba zebaki lisitumike kamwe kwa chakula, hata likioshwa mara ngapi. Zebaki hudhuru neva na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Mhudumu wa afya anayefundisha somo hili katika maeneo ya machimbo aanze kwa kuuliza habari za kinu.

Jasho. Wachimbaji na wakulima hudhani kuwa anayetoka jasho jingi lazima ale chumvi nyingi. Kwa kawaida kinachohitajika kwanza ni maji ya kunywa mara kwa mara, na chakula cha kila siku hurudisha chumvi iliyopotea. Mwenye shinikizo la damu asiongeze chumvi kwa hofu ya jasho bila ushauri wa mtaalamu.

Kufundisha kwa vitendo

Somo hili hufaa kutolewa siku ya kliniki, wakati wagonjwa wakisubiri. Mhudumu aje na pakiti ya chumvi, kijiko cha chai, kidonge cha mchuzi na chupa ya viungo. Kila mgonjwa afanye hesabu ya nyumbani kwake kwa sauti. Mpishi wa kaya aalikwe, kwa sababu mara nyingi mgonjwa ni baba asiyeingia jikoni, na ushauri aliopewa peke yake haufiki chunguni. Mama lishe nao wasisahauliwe: mmoja wao akibadili mapishi, hubadilisha chakula cha watu wengi kwa siku moja.

Maswali ya kujadili

1. Kaya ya walaji watano hutumia pakiti ya gramu 500 kwa siku 10. Kila mlaji hupata gramu ngapi kwa siku? Pakiti ikae siku ngapi ili apate gramu 4?

2. Mgonjwa anayetumia losatani ameletewa na mwanawe chumvi yenye potasiamu kutoka mjini. Ashauriwe nini?

3. Kwa nini chumvi haifai kuchanganywa ndani ya chupa ya viungo?

Jibu la swali la kwanza ni gramu 10 kwa kila mlaji, na siku 25. Majibu ya mengine mawili yamo ndani ya somo. Mhudumu aliyekwisha kuyajua ajiulize pia kama anajua pakiti ya nyumbani kwake hukaa siku ngapi.